Kwa nini dripu itangulie kisu? Tibakemikali kabla ya kutolewa kibofu chenye saratani

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 66. Alikojoa damu siku mbili tatu, ikakoma, akadhani amepona. Baada ya miezi ikarudi. Alipoingizwa kamera walikuta uvimbe kwenye kibofu, wakaukwangua, na majibu ya nyama yamesema ni saratani na imeshaingia kwenye misuli. Picha ya CT haikuonyesha kitu sehemu nyingine. Tulitegemea atapangiwa haraka upasuaji wa kutoa kibofu, lakini daktari anasema aanze kwanza tibakemikali kwa karibu miezi mitatu, ndipo apasuliwe. Familia imegawanyika. Kaka zangu wanasema huko ni kupoteza muda huku ugonjwa unakua, na kwamba dawa zitamchosha ashindwe upasuaji. Shangazi anasema ukiona wameanza na kemo ujue hali ni mbaya, wanakuficha tu. Baba mwenyewe ananiuliza mimi: hizi dawa zitaniongezea maisha, au ni mateso tu? Na uvimbe ukiyeyuka kwa dawa, bado lazima nitolewe kibofu?"

Marahaba, na poleni sana nyumbani. Umeuliza mambo manne kwa pamoja na nitayajibu yote, lakini nianze na la baba kwa kuwa mwenye ugonjwa ni yeye. Ndiyo: kwa mgonjwa mwenye saratani iliyoingia kwenye misuli ya kibofu na ambayo haijaonekana kwingine, tibakemikali yenye dawa ya sisplatini ikitangulia upasuaji humwongezea uwezekano wa kuishi. Haimpi hakika. Inaongeza uwezekano, na ongezeko hilo lina kipimo chake ambacho nitakutajia kwa namba, bila kulipamba wala kulidogosha.

Na shangazi mwambie kwa heshima kwamba hapo amepageuza. Mgonjwa ambaye saratani yake imeshatapakaa kwenye mapafu au mifupa kwa kawaida hapangiwi kabisa kutolewa kibofu. Mpango wa dripu kwanza kisha upasuaji huandaliwa kwa mgonjwa ambaye madaktari wanalenga kumponya. Mzee amewekwa kwenye kundi hilo.

Sasa hofu ya kaka zako, ambayo naisikia kliniki karibu kila wiki na siidharau hata kidogo. Mtu anaambiwa ana saratani, anaiwazia kama nyoka aliyelala ndani ya nyumba, halafu anaambiwa asubiri miezi mitatu kabla ya kumtoa. Nani atapata usingizi? Ila hofu hiyo imejengwa juu ya wazo kwamba ugonjwa wote uko ndani ya kibofu, kwamba kibofu kikitoka nao umetoka. Wazo hilo ndilo linalohitaji kuangaliwa.

Ukuta wa kibofu una matabaka. La ndani kabisa ni utando mwembamba unaogusana na mkojo, na humo ndimo karibu saratani zote za kibofu huanzia. Chini yake kuna tabaka laini lenye mishipa midogo ya damu, kisha misuli minene inayojibana ili mkojo utoke, na nje ya misuli kuna mafuta. Wagonjwa wengi, takriban robo tatu, hugundulika ugonjwa ukiwa bado haujaifikia misuli. Hao hukwanguliwa uvimbe kwa kamera, wengine huwekewa dawa ndani ya kibofu, na kibofu chao hubaki. Baba yako yuko kwenye ile robo iliyobaki. Saratani ikishaingia kwenye misuli inakutana na mishipa mikubwa zaidi ya damu na ya limfu, na mishipa hiyo ni barabara. Seli chache zinaweza kuwa zimeshaingia barabarani kabla mgonjwa hajaona tone la kwanza la damu chooni.

Hapo ndipo ile picha ya CT inapotuchanganya. Ninyi mmeambiwa haikuonyesha kitu, mkasikia kwamba hakuna kitu. Mashine hiyo huona kinundu kikishafikia milimita kadhaa, na kinundu cha milimita chache tu tayari kina mamilioni ya seli. Seli elfu moja zilizotua kwenye pafu au kwenye uti wa mgongo hazionekani kwa CT, wala kwa macho ya daktari aliyeshika kisu. Tunajua zipo kwa sababu moja ya kusikitisha. Wakati ambapo tiba ilikuwa upasuaji peke yake, karibu nusu ya wagonjwa wa aina hii walirudiwa na ugonjwa, na kwa wengi wao ulirudi mbali na kilipokuwa kibofu: kwenye mapafu, ini, mifupa, mitoki ya juu. Daktari wa upasuaji alikuwa amefanya kazi safi. Ugonjwa uliowaua ulikuwa umetoka ndani ya kibofu kabla yeye hajaingia.

Nikiwa na familia mbele yangu huwa naeleza hivi. Nyumba imeshika moto, na upepo umerusha cheche kwenye mapaa ya jirani. Unaweza kuibomoa nyumba inayowaka mpaka msingi, na ni lazima uishughulikie, lakini cheche zilizokwisha kuruka hazitazimika kwa wewe kuibomoa. Kisu hushughulikia nyumba. Dripu huingia kwenye damu na kufika kwenye kila paa. Swali linabaki ni lipi litangulie, na sababu ya kutanguliza dripu ni kwamba cheche huzimwa zikiwa bado cheche.

Kuna sababu ya pili, ya kibinadamu zaidi. Kutoa kibofu ni upasuaji mkubwa wa saa kadhaa. Mwanamume hutolewa kibofu pamoja na tezi dume na mitoki ya nyonga. Kisha kipande cha utumbo hutumika kumtengenezea njia mpya ya mkojo, ama kwenda kwenye mfuko unaobandikwa tumboni, ama kufanywa kibofu kipya ndani. Baada ya hapo wengi hupungua uzito, wengine hupata maambukizi, na wengine figo zao hushuka nguvu. Sehemu kubwa ya wagonjwa walioahidiwa "tutakupa dawa baada ya upasuaji" hawakuwahi kuzipata, kwa sababu mwili ulikuwa hauzibebi tena. Leo baba anatembea, anakula, figo zinafanya kazi. Nguvu hizo ndizo zinazobeba sisplatini, na hakuna anayejua zitakuwa kiasi gani wiki nane baada ya kisu.

Nizungumzie kidogo dawa yenyewe, kwa sababu jina "kemo" limekuwa kama jini na ni vizuri mzee ajue kinachoingia mwilini mwake. Mwaka 1965 mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyoathiri bakteria. Aliona bakteria wake wameacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama nyuzi. Baada ya kutafuta sana akagundua kwamba umeme wenyewe hauhusiki. Vipande vya madini ya platini alivyotumia kupitishia umeme vilikuwa vinatoa kemikali ndani ya maji, na kemikali hiyo ndiyo iliyozuia seli kugawanyika. Kutokana na ajali hiyo tukapata sisplatini, iliyoruhusiwa kutumika kwa wagonjwa Marekani mwaka 1978. Ikiingia kwenye seli hushikamana na DNA na kuibana kama uzi uliotiwa fundo. Seli inapotaka kugawanyika inashindwa kuifungua na hufa. Seli za saratani hugawanyika ovyo na nyingi ni dhaifu katika kurekebisha uharibifu huo, ndiyo maana zinaumia zaidi. Seli za kawaida zinazogawanyika haraka nazo huguswa, kama zile zinazotengeneza damu, na humo ndimo madhara mengi yanapotokea.

Kwa saratani ya kibofu sisplatini haitolewi peke yake. Mchanganyiko unaotumika sana ni sisplatini na jemsitabini, mizunguko minne, kila mmoja wiki tatu. Mwingine ni ule wa dawa nne unaojulikana kwa herufi MVAC, ambao siku hizi hutolewa kila baada ya wiki mbili pamoja na sindano za kuinua seli nyeupe za damu. "Miezi mitatu" ya daktari wenu imetoka hapo.

Sasa namba. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliogawa wagonjwa 307 kwa bahati nasibu: nusu walipasuliwa moja kwa moja, nusu walipata mizunguko mitatu ya MVAC kisha wakapasuliwa. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 46 kwa waliopasuliwa tu na miezi 77 kwa waliotanguliziwa dawa. Baada ya miaka mitano, walio hai walikuwa asilimia 43 upande wa kwanza na 57 upande wa pili. Utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 976 kutoka nchi 20, uliwafuatilia kwa miaka mingi na kukuta kwamba baada ya miaka 10 walio hai walikuwa asilimia 36 kwa waliotanguliziwa dawa na 30 kwa wasiopewa. Tafiti 11 zenye wagonjwa zaidi ya 3,000 zilipowekwa kwenye kapu moja, ongezeko lilikuwa asilimia 5 katika miaka mitano: kutoka 45 hadi 50.

Namba hiyo ya mwisho naitaja kwa makusudi, ingawa ni ndogo kuliko ya kwanza. Fikiria wagonjwa 100 kama baba. Wakipasuliwa tu, 45 watakuwa hai baada ya miaka mitano. Wakitanguliziwa dawa, watakuwa 50. Wale 45 wangeishi kwa vyovyote. Kuna 50 ambao, inasikitisha, dawa haikuwaokoa. Na kuna watano ambao wako hai kwa sababu ya dripu. Hatuwezi kumnyooshea mtu kidole mapema kwamba wewe ni mmoja wa watano, ndiyo maana tunawapa wote wanaoweza kuibeba. Mtu akikuambia dawa hii ni muujiza, amekudanganya. Akikuambia haisaidii kitu, naye amekudanganya.

Tangu tafiti hizo hali imeendelea kuboreka. Ufaransa walilinganisha ile michanganyiko miwili kwa wagonjwa 500, na kwa waliopewa kabla ya upasuaji, ule wa MVAC wa kila wiki mbili ulizuia ugonjwa kuendelea kwa wengi zaidi: asilimia 66 dhidi ya 56 baada ya miaka mitatu. Bei yake ni uchovu na madhara zaidi, kwa hiyo mtu wa miaka 50 mwenye moyo imara anaweza kuchaguliwa huo, na mwenye miaka 70 na kitu akachaguliwa wa jemsitabini. Kisha mwaka 2024 ukatoka utafiti wa wagonjwa 1,063 ulioongeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili, durvalumabu, juu ya sisplatini na jemsitabini kabla ya upasuaji, na kuiendeleza baada yake. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 82 kwa waliopata dawa hiyo na 75 kwa waliopata tibakemikali na upasuaji bila hiyo. Dawa za kundi hilo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Muulizeni daktari wenu kama ipo, na kama haipo msihisi kwamba mzee amekosa tiba. Msingi bado ni ule ule.

Nirudi kwa kaka zako: je, dawa zitamchosha ashindwe upasuaji? Katika ule utafiti wa wagonjwa 307 walihesabu hilo hasa. Waliofanikiwa kutolewa kibofu kama ilivyopangwa walikuwa asilimia 82 kwa waliopewa dawa kwanza, na 81 kwa waliopelekwa moja kwa moja. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya dawa. Wale wa upasuaji wa moja kwa moja nao wapo waliokwama, kwa sababu mbalimbali.

Lakini kuna jambo moja ambalo kaka zako wako sahihi kabisa, na ningependa walishikilie. Kuna wagonjwa ambao saratani yao haisikii dawa, na uvimbe huendelea kukua dripu ikiingia. Hao ni wachache, ila wapo. Kwa sababu hiyo mzunguko wa pili ukiisha ni vizuri picha irudiwe, na kama ugonjwa unakwenda mbele, dawa isimamishwe na mgonjwa apelekwe kwenye kisu bila kungoja ratiba ikamilike. Tena, muda wa hatari kuliko wote ni ule mtupu, ambapo mtu hapati dawa wala hapasuliwi: anasubiri kitanda, anasubiri majibu, familia inabishana. Upasuaji ukicheleweshwa zaidi ya wiki 12 tangu ugonjwa kugunduliwa bila tiba yoyote, matokeo huwa mabaya zaidi. Baada ya dripu ya mwisho mwili hupewa kama wiki nne hadi sita kupumzika na damu kupanda, kisha upasuaji. Mgonjwa akijisikia nafuu, mkojo umekuwa safi, akasema "ngoja kwanza", hapo ndipo tunapopoteza watu. Nimewaona wakirudi baada ya miezi saba, na kitu tulichoweza kukitoa hakitoleki tena.

Jibu la swali la mwisho la baba linaingia hapo. Uvimbe unaweza kuyeyuka kweli. Katika ule utafiti wa wagonjwa 307, wagonjwa 38 kati ya kila 100 waliopewa dawa hawakukutwa na saratani yoyote ndani ya kibofu kilipotolewa na kuchunguzwa kwa darubini. Kwa waliokwanguliwa tu bila dawa walikuwa 15. Na wale ambao kibofu chao kilikutwa safi, asilimia 85 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Kwa hiyo mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama kilikuwa safi, kwa nini kilitolewa? Kwa sababu tumejua ni safi baada ya kukitoa. Kamera huona utando wa ndani. Haioni kiota cha seli kilichojificha katikati ya misuli, na si wachache ambao kamera ilisema hakuna kitu na darubini ikakuta kitu. Utafiti wa kuwatambua watakaoweza kubaki na kibofu baada ya dawa kuwaitikia vizuri unaendelea na una matumaini, lakini leo, nje ya utafiti wenye ufuatiliaji wa karibu, kuacha kibofu kwa sababu tu uvimbe umeyeyuka ni kucheza na maisha.

Hata hivyo mzee asidhani hakuna njia ya kubaki na kibofu chake. Ipo, na ni tiba kamili: uvimbe unakwanguliwa wote kadiri inavyowezekana, kisha anapigwa mionzi huku akipewa dozi ndogo za dawa za kuifanya mionzi iume zaidi. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 360 uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba kuongeza dawa kwenye mionzi kulipandisha wasiorudiwa na ugonjwa nyongani kutoka asilimia 54 hadi 67 baada ya miaka miwili. Inamfaa zaidi mwenye uvimbe mmoja uliokwanguliwa ukaisha, ambaye figo hazijaziba, na ambaye kibofu chake bado kinahifadhi mkojo vizuri. Anayechagua njia hii anakubali kuingizwa kamera mara kwa mara kwa miaka, na kwamba siku ugonjwa ukirudi kwenye misuli kibofu kitatolewa. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri ni uamuzi wa heshima kabisa, na mzee ana haki ya kuusikia kutoka kwa daktari wa mionzi mwenyewe kabla hajasaini fomu ya upasuaji.

Sasa, si kila mtu anafaa kupewa sisplatini, na kwenye hili nakuomba uwe makini kuliko kwenye jambo lingine lolote. Dawa hii hupita kwenye figo na inaweza kuziumiza. Hugusa masikio, ikaleta mlio au kupunguza kusikia. Hugusa mishipa ya fahamu, ikaleta ganzi vidoleni. Maji mengi yanayotolewa nayo huutwisha moyo mzigo. Kwa hiyo mwenye figo zilizochoka, asiyesikia vizuri, mwenye ganzi ya kisukari miguuni, mwenye moyo ulioshindwa, au anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku, kwa kawaida hapewi. Kwenye figo, msitosheke na kuambiwa "kreatinini iko kawaida", yaani ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu. Mzee mwembamba ana misuli kidogo, na kreatinini yake inaweza kuonekana nzuri huku figo zikiwa zimeshuka. Ombeni wahesabu uwezo wa figo kuchuja. Kipimo kinachotumika sana ni mililita 60 kwa dakika, ingawa vituo vingine hukubali kuanzia 50 kwa kugawa dozi mara mbili. Na kama picha ilionyesha figo moja imevimba kwa sababu uvimbe umeziba mrija wake, kuna mpira mdogo unaoweza kuwekwa kuufungua. Nimeona figo zikipanda ndani ya wiki mbili baada ya hapo, na mgonjwa aliyekuwa ameambiwa hafai akafaa.

Ikionekana kabisa hafai, msikubali abadilishiwe kaboplatini, dawa ya jamii ya sisplatini, ili tu "apate kemo". Kabla ya upasuaji wa kibofu, dawa hiyo haijaonyesha faida ya maisha kama sisplatini, na itampotezea muda. Zamani jibu kwa wagonjwa hao lilikuwa kwenda moja kwa moja kwenye kisu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya dawa mbili, enfortumabu vedotini na pembrolizumabu, zilizotolewa kabla na baada ya upasuaji kwa wasiofaa sisplatini, na yalikuwa mazuri sana: baada ya miaka miwili walio hai walikuwa karibu 80 kati ya 100, dhidi ya 63 kwa waliopasuliwa tu. Hizo nazo ni ghali na hazijaenea, ila daktari wenu anapaswa kujua kwamba mnajua zipo.

Aina ya saratani pia ni muhimu. Yote niliyosema yanahusu aina ya kawaida, inayotokana na utando wa kibofu wenyewe. Kuna aina nyingine ya seli bapa, ambayo mara nyingi hufuata kichocho cha muda mrefu, na kwa aina hiyo faida ya kutanguliza dripu haijathibitishwa. Kisu ndicho kinachotangulia. Na kuna aina adimu ya seli ndogo ambayo ni kinyume chake, hiyo haianzwi kwa kisu hata kidogo. Yote yameandikwa kwenye karatasi ya majibu ya nyama. Iombe, uisome, na kama jina la aina halipo, uliza.

Siku ya dripu yenyewe inaonekana hivi. Asubuhi mzee anachukuliwa damu. Majibu yakiwa mazuri, anatundikiwa maji, chupa ya kwanza, ya pili, kabla ya dawa kuguswa. Muuguzi anampa jagi lenye alama na kumwomba akojolee humo, na kila akitoka chooni anaandika kiasi; mkojo usipotoka wa kutosha, sisplatini haianzi. Anapewa dawa za kuzuia kutapika mapema, kabla kichefuchefu hakijaanza. Jemsitabini huingia kwa nusu saa. Sisplatini huchukua muda zaidi, kisha maji tena. Jioni anarudi nyumbani amechoka na mara nyingi anasema "mbona si kama nilivyoogopa?" Wenye kujua humwambia asubiri: siku ya pili hadi ya nne ndipo kichefuchefu na uchovu hupanda, na vidonge alivyopewa vya siku hizo avimeze hata kama anajisikia salama. Kati ya siku ya 7 na ya 14 seli nyeupe hushuka. Nywele zitapungua, na kwa MVAC hutoka zote.

Mambo ya nyumbani ni machache. Anywe maji ya kutosha. Atembee kila siku kadiri anavyoweza, maana anayeingia kwenye upasuaji akiwa na miguu yenye nguvu hutoka mapema zaidi. Kama anavuta sigara aache leo: sigara ndiyo chanzo cha karibu nusu ya saratani za kibofu, na kuacha hata sasa kunapunguza matatizo ya kidonda na mapafu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asizitumie bila ruhusa, kwa kuwa zikikutana na sisplatini huziumiza figo. Na mitishamba. Najua atapelekewa, na wanaomletea wanampenda. Waombeni waiweke kando kwa miezi hii, kwa sababu hakuna anayejua figo zitaipokeaje ikichanganyika na dripu.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki. Joto likifika nyuzi 38 au akatetemeka kwa baridi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, na aseme mlangoni kwamba yuko kwenye tibakemikali. Homa wakati seli nyeupe ziko chini inaweza kuua ndani ya saa chache. Vilevile akishindwa kukojoa kwa sababu ya mabonge ya damu, akitapika mpaka maji hayakai, mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikatika ghafla, kwani saratani na sisplatini kwa pamoja hugandisha damu. Mlio masikioni na ganzi vidoleni si dharura, ila aviseme kabla ya dripu inayofuata. Wazee wengi hunyamaza wakiogopa dawa itasimamishwa, na mlio ukishakuwa mkubwa haurudi nyuma.

Ningekuwa karibu nanyi, ningeomba kikao kimoja kabla ya dripu ya kwanza: daktari wa upasuaji, daktari wa saratani, na ikiwezekana wa mionzi, baba akiwa ameketi kati yao, na wewe pembeni na daftari. Mimi nimejibu barua. Wao wameona picha na majibu ya nyama, na wakisema kitu tofauti na changu kwa sababu wanayoweza kuieleza, wafuate wao. Waulizeni uwezo wa figo ni kiasi gani, aina ya saratani ni ipi, mchanganyiko gani wa dawa na kwa nini huo, picha itarudiwa lini. Kisha, kwa ajili ya kaka zako, ombeni tarehe ya upasuaji iandikwe siku hiyo hiyo, hata kama itasogea kwa siku chache, na uibandike ukutani karibu na tarehe ya dripu ya kwanza.